Mzee Huyo Hakulewa

Labda kijijini kwako yuko mzee ambaye mkono wake hutetemeka hata ukiwa umepumzika. Hatua zake ni fupi. Pengine husimama mlangoni, miguu imegoma. Watu husema amelewa au amerogwa. Baba yangu mdogo alisemwa hivyo hivyo.

Ugonjwa huu huitwa Pakinsoni. Daktari Mwingereza, James Parkinson, aliueleza mwaka 1817. Misuli ya mgonjwa haikufa. Shida iko katika ubongo. Humo zimo chembe hai zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Kitu hicho husaidia amri kupita: inua mguu, shika jembe. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa kidogo kidogo. Mimi ni bwana shamba, kwa hiyo nafikiria mfereji. Maji yakipungua, jaruba la mwisho hukauka, ingawa udongo wake ni mzuri.

Sasa sikiliza jambo lililonishangaza. Miguu ikigoma, mchoree mstari chini, mbele yake, umwambie auvuke. Mara nyingi huvuka! Macho yameipatia amri njia nyingine ndani ya ubongo. Kwa baba mdogo tumechora mistari ya chokaa toka kitandani hadi uani. Lakini usimvute mkono, huenda akaanguka.

Dawa iitwayo levodopa ipo. Haiponyi, lakini huleta nafuu. Mbegu za mukuna, jamii ya upupu tunayopanda kurutubisha udongo, nazo zina levodopa. Usimpikie! Kiasi chake hutofautiana, na huweza kumdhuru. Mpeleke hospitali, umweleze daktari habari za miguu pia, si za mkono tu.