Deni la Mguu Mfupi

Miguu miwili ni mapacha, lakini si mapacha wote hulingana. Lau tungeipima kwa makini miguu ya wanafunzi wa darasa moja, wengi wangeonekana kuzidiwa milimita kadha upande mmoja, wala wenyewe wasingekuwa na habari. Mwili husamehe upungufu mdogo kama huo. Tofauti ifikapo sentimita 2 au zaidi, aghalabu msamaha hupungua. Mguu mfupi huanza kukopa, na deni hulipwa na viungo ambavyo havikukopa kitu. Mimi ni mmoja wa wadaiwa hao. Mguu wangu wa kushoto umepungukiwa sentimita 3.

Upungufu huo niliupata nikiwa na umri wa miaka tisa, nilipoanguka kutoka juu ya mwembe. Mfupa wa paja ulivunjika, na vipande vyake vikaungana hali vimepandiana. Si kila mvunjiko wa utotoni huleta hasara ya namna hii; la ajabu ni kwamba mara nyingine mfupa wa paja uliovunjika hukua kwa haraka kuliko mwenziwe, ukawa mrefu. Watu wengine wamefupishwa mguu na polio, wengine na usaha ulioingia mfupani, na wengine wamezaliwa hivyo.

Sasa tazama deni linavyosafiri. Mtu asimamapo, fupanyonga huinama upande wa mguu mfupi kama jahazi lililopakiwa vibaya. Jahazi likiinama, mlingoti nao huinama. Uti wa mgongo haukubali jambo hilo, maana kichwa chataka kukaa wima na macho yataka kutazama sawasawa. Basi uti hujipinda kiunoni ili kukirudisha kichwa katikati, na mara nyingi bega moja huonekana kushuka. Misuli ya upande mmoja hufanya kazi ya ziada mchana kutwa. Mtu atembeapo, mwili huanguka kidogo kila ukanyagapo mguu mfupi, kisha hupanda kila uvukapo juu ya mguu mrefu. Ili kupunguza mpando na mshuko huo, mguu mfupi hujifunza kukanyagia vidole, na goti la mguu mrefu hujifunza kukunjika. Hila zote hizo hugharimu nguvu.

Nilipokuwa kijana nilizisoma nyayo zangu mchangani, bahari ilipokupwa, kama mtu asomaye hati yake mwenyewe. Za kulia zilikuwa kamili toka kisigino hata vidole. Za kushoto zilizama mbele, na visigino vyake vilikuwa alama hafifu. Niligundua pia kuwa njia ya shule ilikuwa na upande mwema na upande mbaya. Barabara huinuka katikati na kuteremka kandoni. Nikishika ukingo wa kulia, mguu wa kushoto hupata ardhi ya juu na safari huwa nyepesi. Wenzangu walidhani nina kiburi cha kutembea peke yangu. Walikwisha kunipa jina ambalo sitalitaja hapa, na kwa ajili ya jina hilo nilipenda kusimama nimeegemea ukuta.

Nilipotimiza miaka kumi na saba kiuno kilianza kuniuma kila jioni. Mama alinikanda kwa mafuta ya nazi akisema, "Mwanangu, una kiuno cha mzee." Dawa za kuchua zilipokwisha maarifa, nilipelekwa kwa daktari. Hakuanza na mgongo. Aliniambia nisimame peku, akaweka vibao vyembamba chini ya unyayo wa kushoto, kimoja baada ya kimoja, hata nyonga zikawa sawa; kisha akavihesabu. Halafu akanikalisha kitini akautazama mgongo, na pindo lake likatoweka. Pindo liletwalo na mguu hutoweka mtu aketipo, kwa kuwa miguu haichukui tena uzito. Lililo na shina katika uti wenyewe hubaki.

Hapa msomaji asiende mbio. Wako wengi wenye miguu sawa ambao huugua mgongo, na wako wenye miguu isiyolingana wasiojua maumivu ni nini. Hata matabibu wangali wakibishana juu ya tofauti ndogo ndogo. Tena mguu waweza kuonekana mfupi nao si mfupi, kwa sababu ya misuli iliyokakamaa nyongani. Ndiyo maana kupima hutangulia kutibu, na mtoto anayekua hupimwa tena na tena.

Daktari hakuniandikia sentimita 3 zote. Alisema 2 zatosha, tena kwa awamu, maana mwili uliozoea kupinda hauwezi kunyoshwa kwa siku moja. Ndani ya kiatu huingia kama sentimita 1 tu. Ikizidi, kisigino huchomoka. Iliyobaki ilibidi iongezwe chini ya soli. Fundi viatu alivigeuzageuza viatu vyangu, akauliza, "Kijana, hivi ni vya watu wawili?" Wiki ya kwanza magoti yaliuma kuliko kiuno. Baada ya miezi michache mama aliliweka mbali chupa la mafuta.

Upungufu mkubwa zaidi hutaka kazi kubwa zaidi. Kwa mtoto, madaktari waweza kusimamisha ukuaji wa mguu mrefu ili ule mfupi uufikie. Katika miaka ya 1950 daktari Gavriil Ilizarov, mjini Kurgan huko Siberia, alianza kurefusha mifupa kwa kuikata na kuizungushia pete za chuma, kisha kuivuta milimita 1 tu kila siku, mfupa mpya ukajaza pengo. Sentimita 5 huchukua siku hamsini za kuvuta, na miezi mingine ya kungoja mfupa ukomae. Mimi sikuhitaji subira hiyo.

Viatu vyangu leo ni jozi tatu, na ndara jozi moja, ya kushoto imeongezwa kipande cha mpira wa gurudumu. Mjukuu wangu azionapo mlangoni huzitenganisha, akaenda uvunguni kuitafutia kila moja mwenzake.