Bezi niliyoikataza

Niko Terrat kwenye mazoezi ya kufundisha, nimekabidhiwa kwaya ya UMISSETA. Tukivuka Jiji, tunaingia mkoa.

Wiki nzima nimekomaa na do-re-mi, bezi haishuki. Juzi nikamfokea kijana mmoja wa Kiarusha: "Acha kukoroma, imba!" Kesho yake hakuja.

Jana mapumziko nikawasikia wenzake nyuma ya darasa. Mmoja anaongoza, olaranyani kabisa, wengine wanaunguruma kooni. Sauti zimepangika, noti hakuna hata moja. Kumbe bezi ninayoitafuta ndiyo niliyoikataza!

Leo nimemfuata kwao, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Kijana akacheka: "Sawa mwalimu, ila na wewe ujifunze."

Jamani, kesho nakoroma. Mtuombee!