Penye Miti Hapana Wajenzi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa penye miti hapana wajenzi. Mimi ni mzaliwa wa Masinga, kando ya Mto Tana. Maji ya mto huu huzungusha mitambo katika mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Nyaya nene zapita juu ya boma letu zikielekea Nairobi. Sisi je? Ni koroboi na mafuta taa tu!

Muhula uliopita darasa letu lilizuru Olkaria, karibu na Naivasha. Lo! Mvuke ulifoka kutoka ardhini kama chungu cha githeri. Tulielezwa kuwa mtambo wa kwanza ulianza kazi hapo mwaka wa 1981, na kwamba mvuke huo haujali kiangazi. Ukame wa 1999 hadi 2000 ulipopunguza maji mabwawani, stima ilikuwa ya mgao nchini.

Kisha mwalimu akauliza, "Nani kwao hakuna stima?" Mkono wangu ukawa mzito kama nanga. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Si kwenu ndiko inakotoka?"

"Ee, tuko nayo," nikajibu. Uongo huo ulinichoma kuliko mvuke.

Likizoni nilimkuta Nyanya akinimiminia mafuta ya mwisho ili nidurusu. "Soma, mjukuu wangu. Mimi nitalala gizani." Machozi yalinilengalenga. Basi leo naungama: kwetu hatuna stima. Lakini nitasoma hadi niwe mhandisi, nami nitaileta mpaka mlangoni pa Nyanya.