Nabongo Mumia na Wageni Wake

Msafiri wa pwani afikapo Busia au Malaba huona malori yamepanga foleni kungoja kuingia Uganda, akadhani mpaka huu ni wa tangu na tangu. Sivyo. Hadi mwaka 1902 nchi hii ya upande wa Kenya ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Waingereza waliposogeza mpaka, Wasamia na Wateso wakagawanyika, ndugu huku na ndugu kule.

Mashariki ya Busia palikuwa na ufalme mdogo wa Wawanga, ambao mtawala wake huitwa Nabongo. Wazee wetu wa misafara waliufahamu. Waliufuata kwa ajili ya pembe za ndovu zama za Nabongo Shiundu, na mji wake ukajulikana kwa jina la Kwa Sundu. Mwanawe Mumia alipotawala, aliwakaribisha watu wa pwani wakakaa kwake. Kiswahili kikaingia, na swala ikasimama. Mumia mwenyewe akasilimu, akaitwa Muhammad. Leo mji huo unaitwa Mumias, kwa jina lake.

Haki ituongoze kusema kwamba si misafara yote iliyokuwa safi. Wamo waliouza binadamu. Lakini imani iliyobaki haikuletwa kwa upanga, bali kwa ujirani.

Waungwana husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa pili, Mwingereza, alimponya Mumia kwa muda. Mwaka 1895 Wawanga walipigana upande wake dhidi ya Wabukusu. Mwaka 1909 Mumia akafanywa chifu mkuu, na jamaa zake wakawekwa kutawala majirani ambao hawakuwa raia wa babu zao. Chuki ikaota mizizi. Mwaka 1920 makao ya serikali yakahamishiwa Kakamega, na mwaka 1926 Mumia akastaafishwa. Alifariki mwaka 1949.

Wageni wawili, mlango mmoja: mmoja aliacha swala, mwingine akaondoka na enzi. Enzi aliyopewa Mumia juu ya jirani zake ilirudi kwa aliyempa. Swala ingali inaswaliwa Mumias. Enyi kina mama, mnaofungua milango ya nyumba zetu, wasimulieni watoto habari hii, ili nao wakiwa wageni wa watu wajue cha kuacha nyuma yao.