Amotisere za umeme: tulipe au tuache?

Shemeji yangu, motari hapa Uvira, anaweka dola kidogo kidogo za kununua pikipiki nyingine. Juzi akaniuliza: zile amotisere za umeme za pikipiki kubwa za safari, zinastahili pesa?

BMW ilianza kuziweka kwenye K 1200 S mwaka 2004. Dereva anabonyeza kitufe, resori inakazwa kulingana na mzigo. Za siku hizi zinapima mashimo zenyewe na kubana au kulegeza mafuta ndani ya amotisere pikipiki ikiwa mwendoni.

Kwa mtu wa lami ndefu, mwenye garaji ya kompyuta karibu, nasema alipe. Kwetu hapana. Zikikwama kwenye milima ya Ngomo, njia ya Bukavu, fundi wa kando ya barabara hawezi kuzifungua, na nyuma yako kuna mama aliyekimbia vita, mtoto mgongoni.

Lakini kazi zinayofanya tunaihitaji. Asubuhi unabeba mtu mmoja, jioni mama, mtoto na magunia. Pikipiki zetu nyingi zina pete kwenye resori za nyuma: ikaze kwa ufunguo kabla ya kupakia, kushoto na kulia sawa. Amotisere ikivuja mafuta, badilisha zote mbili.

Shemeji, pesa itakayobaki peleka kwenye tairi na breki. Mgonjwa unayempeleka hospitali atakushukuru.