Walimu saba, kibuyu kimoja

Ndugu msomaji, ninakusimulia namna walimu saba wa sekondari, wote wenye diploma ya ISP, walivyofanya mikutano mitatu kwa ajili ya kunywa pombe usiku mmoja.

Ilikuwa Bukavu, mwanzo wa Aprili 2022. Tarehe 30, siku ya walimu katika nchi yetu, iliangukia Jumamosi, nasi tulitaka kuifurahia. Mkutano wa kwanza ulikuwa na katibu, daftari na ajenda. Mwalimu wa hesabu alihesabu franga zetu, akagawanya kwa bei ya Primus, akasimama kama vile ku tablo: "Bakubwa, kila mutu atapata chupa moya na nusu. Na ile nusu, nani atakunywa ya chini?" Prime ya wazazi ilikuwa bado haijaingia.

Nikasema: basi tutengenezeshe kasiksi. Wote kimya. Mwalimu wa Kifaransa akavua miwani: "Katibu, uandike: miye niko na diplome, siwezi kunywa ku kibuyu moya na batu sita."

Alisema na katibu kwa sababu yeye na mwalimu wa hesabu hawakusalimiana tangu mgomo wa 2021. Kila mmoja alimshuku mwenzake kwamba ndiye aliyepeleka majina yetu kwa wakubwa. Katika chumba kimoja cha walimu walikuwa wanatumiana watu: "Umwambie bwana huyu anirudishie chaki." Kusema kweli, ni kwa ajili yao nilitaja kasiksi.

Babu yangu, kule Walungu, hakuwapa watu waliogombana vibuyu viwili. Alionja yeye wa kwanza, ili wote waone kwamba hamna sumu. Kisha kibuyu kilizunguka, na mrija wake mmoja. Mtu akikataa kunywa nyuma ya mwenzake, wote walijua kesi bado haijaisha, na hakuna aliyerudi nyumbani.

Mkutano wa pili tuliufanya Kadutu, kwa mama mmoja mtengenezaji. Alitufundisha sisi walimu: ndizi zinafunikwa siku kadhaa mpaka ziive, zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na majani, maji yake yanachujwa, halafu unatia unga wa mtama uliokaangwa na kuacha vichachuke. Bei ilitushitusha. Mama akatueleza: ule ugonjwa wa kunyausha migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001, ulifika mpaka huku kwetu, na mashamba mengi yakakauka. "Batoto bangu, ndizi haziko tena kama za zamani." Tukalipa bido moja ya litre 20.

Mkutano wa tatu ulikuwa juu ya mrija. Mmoja ao saba? Mwalimu wa biolojia alisema kuhusu mikrobu kwa dakika ishirini. Tukapiga kura: wanne walitaka mmoja, wawili saba. Mwalimu wa Kifaransa hakupiga.

Usiku ule alikuja na kravati. Mama alionja, kibuyu kikaanza kuzunguka. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyepanga viti, kilitoka kwa mwalimu wa hesabu kikamfikia yeye. Sote tukaacha kusema. Alitazama mrija, akaupanguza kwa kitambaa, akautazama tena. Akanywa.

"Katibu," akaanza, "umwambie…" Akanyamaza, akageuka. "Hapana. Weye. Umeniachia ya chini."

"Njo ile nusu yako," mwalimu wa hesabu akajibu.

Tulicheka mpaka jirani wa mama akagonga ukuta.

Wasomaji, sisemi kwamba pombe inaponya. Nyumba zilizobomolewa na pombe tunazijua. Na ni nani aliyepeleka majina, mpaka leo sijui. Lakini kila mmoja akiwa na chupa yake, anaweza kunywa usiku kucha bila kumtazama mwenzake. Kibuyu hakiruhusu. Wazee waliona hilo mbele yetu, bila diploma.

Jumatatu nilisikia katika chumba cha walimu: "Kaka, unipatie chaki." Hakuna aliyetumwa.