Ritifaa ya Ng'ombe

Kapalamsenga ni kata ya Wilaya ya Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Aliye mbali akilisikia jina hilo hukumbuka shaba, maana ardhi ya huko ina madini hayo na wachimbaji wameyafuata. Lakini juu ya ardhi hiyo hupita pia ng'ombe. Kwa miongo kadhaa sasa wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakihamia nyanda za Rukwa na Katavi kutafuta malisho, na palipo na ng'ombe karibu na shamba la mahindi, hapakosi mashauri.

Mfugaji mmoja wa huko, mtu mzima aliyeheshimika kwa kumbukumbu yake, alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika ng'ombe wa ukoo mzima: rangi, alama ya sikioni, mwenye mali, tarehe ya kununuliwa au kuzaliwa. Shauri lilipotokea, daftari lilifunguliwa, na mara nyingi ugomvi ulikwisha hapo. Kisha masika moja paa likavuja, na kurasa kadhaa zikawa doa moja la wino wa buluu.

Mpwa wake alikuwa amerudi kutoka Mpanda mjini, ambako alijifunza kompyuta kwa kuangalia mabegani mwa wenzake. Alikuwa na kompyuta mpakato iliyokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yake, na paneli ndogo ya sola.

"Shikamoo mjomba," alisema. "Nipe daftari nilitie humu."

"Marahaba. Likitoka huko litakuwa zima?"

Kijana alijibu kuwa litakuwa zima. Hakujua bado ameahidi nini.

Wengi hudhani kuwa tovuti lazima ikae mbali, katika jumba la baridi huko ughaibuni, na kwamba pasipo intaneti hapana kitu. Sivyo. Kompyuta yoyote inaweza kuwa seva na mteja wa nafsi yake. Ipo anwani iliyotengwa kwa kazi hiyo, 127.0.0.1, na jina lake la kawaida katika lugha ya mafundi lina maana ya mwenyeji wa papa hapa. Anayeiita anwani hiyo hatoki nje ya chombo chake: kompyuta hujipigia hodi yenyewe na kujijibu karibu. Kwa kijiji ambacho mtandao huja na kuondoka kama manyunyu, hilo si jambo dogo. Programu inaweza kutungwa, kujaribiwa na kutumika bila ya kumwomba mtu yeyote ruhusa.

Vifaa vya kazi vilifika kwa basi kutoka Mpanda, ndani ya diski ya flashi. Kilikuwa kifurushi kiitwacho XAMPP, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na kundi la Apache Friends. Ndani yake mna vitu vitatu vya msingi. Apache hupokea maombi ya kivinjari. PHP, lugha iliyotangazwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, hutunga ukurasa. MariaDB, tawi lililochipuka kutoka MySQL mwaka 2009, huhifadhi kumbukumbu. Vyote ni huria na havilipiwi, na hilo ndilo lililomwezesha kijana kuanza.

Siku ya kwanza Apache iligoma. Kila alipobonyeza kuiwasha, ilitokea rangi nyekundu na maandishi ya Kiingereza. Alizima akawasha, akafuta akaweka upya, akalaumu betri. Usiku wa pili ndipo alipoyasoma yale maandishi neno kwa neno, akaona namba 80.

Namba hiyo huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo kwa mabaharia ni bandari, na wako wanaoitafsiri hivyo. Lakini wilaya hiyo inayo bandari ya kweli, Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kila mtu huko anajua kuwa bandari hupokea vyombo vingi kwa pamoja. Hiki cha kompyuta ni mlango, na mlango mmoja hauna mabawabu wawili. Kurasa za tovuti kwa desturi hupita mlango wa 80. Katika kompyuta ile kulikuwa na programu nyingine, iliyowekwa na mmoja wa wenyeji wa zamani, ambayo ilikwisha kuushika. Dawa ilikuwa mstari mmoja katika faili la mipangilio: badala ya 80 akaandika 8080. Apache ikaamka.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa na wafasiri. Ujumbe wa namna ile, ukifasiriwa kwa Kiswahili, wengi huanza na neno kosa. Neno hilo ni zito. Kosa ni la mtu. Kosa huombewa radhi. Kosa darasani lilikuwa na fimbo yake. Mtoto aliyekua hivyo, akiandikiwa na mashine kuwa kuna kosa, hurudi nyuma na kuinamisha kichwa. Hasomi kinachofuata, kwa sababu aliyekosea hasomi, hunyamaza. Kumbe Kiswahili kina neno jingine, hitilafu, ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ya kwanza ni kutofautiana, kutoafikiana. Simu nyingi siku hizi hulitumia, na waliolichagua walichagua vyema kuliko walivyoambiwa. Maana takriban kila kinachoitwa hivyo ndani ya kompyuta ni kutoafikiana kwa pande mbili: huyu anasema mlango ni wangu, na yule naye anasema ni wangu. Hapana wa kuchapwa. Pana wa kupatanishwa, na mpatanishi huanza kwa kusikiliza. Kijana alijifunza kazi hiyo siku alipoacha kuuogopa ujumbe na kuanza kuusoma.

Juma la pili alikuwa na fomu ya kuandikisha: jina la mwenye mali, aina ya mnyama, rangi, alama. Akajaribu mbuzi, ikakubali. Akajaribu kondoo, ikakubali. Akaandika ng'ombe, na kila kitu kikasimama. Hifadhidata ilijibu kuwa sarufi ya amri ina hitilafu karibu na neno "ombe".

Aliandika tena, pole pole, kana kwamba mashine haikusikia. Karibu na "ombe". Akamwandikisha mbuzi wa mjomba wake, kwa jina kamili la mjomba. Ikasimama tena, kwa kuwa jina lile, kama majina mengi ya Kisukuma, huanza na Ng'w.

Kilichotokea ni hiki. Katika lugha ya hifadhidata, maneno ya mtu hufungwa baina ya alama mbili ndogo, moja mwanzo na moja mwisho, ili yasichanganyike na amri. Alama hiyo ndiyo hiyo hiyo ritifaa tunayoiweka juu ya ng. Mashine ilipofika kwenye ng' ilidhani neno limekwisha, na "ombe" likabaki nje kama amri isiyojulikana. Watu wa Ireland wenye majina kama O'Brien wanaujua mkasa huu. Lakini kwao ni jina la baadhi ya watu. Katika Kiswahili alama hiyo imo ndani ya mnyama ambaye mali, mahari na mashauri ya nusu ya nchi humzunguka.

Na haikuwekwa pale kwa pambo. Washairi wa pwani walipoandika kwa hati za Kiarabu hawakuwa na haja nayo. Wamisionari walioandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi katika karne ya 19, akiwamo Edward Steere aliyechapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, walihitaji kuitenga sauti ya ng'ombe na ile ya ngoma, wakatumia ritifaa. Baadaye wataalamu wa lugha za Afrika walipendekeza herufi mpya, ŋ, na Waganda wakaipokea katika Kiganda. Kiswahili sanifu kikabaki na ritifaa yake. Bila ya alama hiyo, kung'oa ni sawa na ngoa, na msomaji wa tungo za kale anajua kuwa kulitoa jiti ardhini si sawa na ile tamaa na wivu wa moyo ambao washairi waliuita ngoa. Bila ya alama hiyo, Ng'ambo ya mji wa Unguja hupoteza mlango wake wa kuingilia.

Rafiki wa kijana, aliyekuwa Mpanda, alimpa kwa simu ushauri mwepesi: andika "ngombe", nani atakayejali? Ushauri huo una wafuasi wengi. Mabango yameandikwa hivyo, risiti zimeandikwa hivyo, na majina ya watu yamekatwa hivyo katika orodha nyingi, mpaka mwenye jina anapoitwa hugeuka kwa kuchelewa. Lakini kijana alikuwa ameulizwa swali moja tu alipopewa daftari, nalo halikuwa kama mashine itafurahi.

Akatafuta. Jawabu la kwanza alilolipata lilikuwa kuzirudufu ritifaa zote kabla ya kuzipeleka, ili mashine ielewe kuwa mbili maana yake ni moja. Lilifanya kazi, kisha akasahau kulitia mahali pamoja, na ng'ombe wakasimama tena. Jawabu la pili ndilo la kudumu. PHP inayo zana hiyo tangu toleo la 5 la mwaka 2004: amri hupelekwa kwanza peke yake, ikiwa na nafasi tupu, maneno ya mtu huja baadaye na kuketi katika nafasi hizo. Mashine haiwezi tena kuchanganya kauli ya mwenye nyumba na kauli ya mgeni, hata mgeni aseme nini.

Hapo ndipo ng'ombe alipotoa maziwa yasiyotarajiwa. Ufa ule ule unaomkwamisha mtu mwaminifu ndio mlango wa mwizi. Mtu mwenye hila huweka ritifaa kwa makusudi, kisha huandika amri yake mwenyewe baada ya hiyo, na hifadhidata humtii. Jeff Forristal aliieleza hila hiyo katika jarida la Phrack mwaka 1998, na imekwisha kuvunja milango mingi mikubwa duniani. Mtunzi wa programu ambaye hajawahi kuandika neno lenye ritifaa anaweza kuishi miaka na ufa huo bila ya kujua. Aliyeanza na ng'ombe aliuona juma la pili.

Ilibaki hitilafu moja, ndogo na yenye inda. Sehemu ya daftari ilikuwa imechapwa zamani katika duka moja la huduma za uchapaji, na kijana aliinakili kutoka faili hilo. Kwenye ukurasa wake baadhi ya ng'ombe wakatokea na alama tatu za ajabu katikati ya jina. Alipoziondoa, akagundua kuwa akitafuta "ng'ombe" anapata nusu tu ya kundi. Programu ya uchapaji ilikuwa imeipinda ritifaa ili ipendeze. Machoni ni ile ile. Kwa mashine ni herufi mbili zisizojuana, moja nyoofu na moja iliyopinda. Katika mfumo wa UTF-8, ulioundwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ile nyoofu huandikwa kwa baiti moja, na ile iliyopinda kwa baiti tatu. Ukurasa usioambiwa kuwa unasomwa kwa mfumo huo huzionyesha baiti hizo kuwa alama tatu. Kijana aliuweka mfumo mmoja kila mahali, katika hifadhidata, katika ukurasa na katika faili, kisha akaamua kuwa ritifaa yoyote inayoingia itanyooshwa kwanza. Alipotafuta tena, kundi lilirudi lote.

Orodha ilichapishwa Mpanda ikaletwa kwa basi. Mjomba aliipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akaketi chini ya mwembe. Hakuanza na ng'ombe. Alianza na jina lake, akaliweka kidole, na kidole kikakaa juu ya ile alama ndogo baada ya Ng.

"Limetoka zima," alisema.

Akaendelea kushuka, mstari kwa mstari, midomo ikitikisika. Katika ukurasa wa pili akasimama.

"Huyu mwenye baka jeupe tulimuuza mwaka juzi. Nililiandika, likafutwa na mvua."

Kijana alivuta kiti. Mashine haikuwa imeonyesha rangi nyekundu yoyote, wala ujumbe, wala namba. Hitilafu baina ya orodha na zizi haina anayeitangaza isipokuwa yule awajuaye ng'ombe mmoja mmoja. Akafungua kompyuta, akasema, "Nitajie wengine, mjomba," na mzee akaanza kuhesabu.